Miale Iliyoanzia Kulia

Niliwahi kupewa sifuri kwa michoro iliyokuwa sahihi, na mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Nilikuwa kidato cha pili, Garissa, miaka ya tisini. Jaribio la lenzi ndilo lingeamua nani aendelee na fizikia kidato cha tatu na nani aiage. Mimi niliitaka fizikia kufa kupona. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo nilifanya mazoezi kwenye loho iliyopasuka ya baba yangu. Aabo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa maalim wa chuo cha Kurani, na loho ni ule ubao ambao watoto huandikia aya kwa wino wa makaa. Nilijua loho kabla sijajua daftari, na mkono wangu ulizoea kuanzia kulia. Basi mshumaa niliuchora kulia, lenzi katikati, na miale ikakutana kushoto, taswira kichwa chini.

Nilikuwa nimeazima pia miwani ya Aabo ya kusomea. Niliisimamisha mbele ya ukuta, mkabala na dirisha, nikamwona mbuzi wetu pale ukutani, miguu juu! Nilicheka hadi Aabo akaja kuchungulia.

"Kaa nayo," akasema. "Mimi Kurani iko kifuani."

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana aliyetoka "Kenya", kama tulivyopaita kila mahali ng'ambo ya daraja la Tana. Alipoona kwenye jaribio mishale yangu yote inakwenda kushoto, alisema nimeiba michoro ya mwenzangu na kuigeuza ili nisikamatwe. Mimi, niibe! Akaniambia nimlete mzazi.

Aabo alikuja na bakora yake, akakataa kiti. Mwalimu akamweleza kosa langu na kumpa karatasi. Aabo akaishika mbali, akaisogeza karibu, akamrudishia.

"Mwalimu," akasema, "taa ikiwa huku kulia, mwanga yake inakataa kwenda kushoto?"

Wallahi, nilimpenda baba yangu saa ile mpaka machozi yakanilenga.

Mwalimu akaigeuza karatasi, akaiinua dirishani na kuitazama kwa nyuma. Mshumaa sasa uko kushoto, taswira kulia, vipimo vyote mahali pake. Hata lenzi ya kutawanya mwanga, ambayo nyumbani hatukuwa nayo na niliichora kwa imani tu, ilikuwa sawa.

"Mzee, nisamehe. Kosa ni langu," akasema. Akaikata ile sifuri, akasahihisha upya tukiwa tumesimama.

Tulipofika langoni Aabo alisema, "Nisomee. Ngapi?"

"Kumi na nane kwa ishirini."

"Na mbili zimeenda wapi?"

Nikaingiza mkono mkobani nitoe penseli nimwonyeshe nilipoteleza, vidole vikagusa miwani yake. Wiki tatu! Wiki tatu alikuwa akisahihisha loho za watoto kwa kuwasikiliza tu, na mimi sikuuliza.

"Aabo, sasa pale ndani kwenye karatasi uliona nini?"

"Ukungu," akasema. "Lakini nyumbani nilikuona ukichora."

Nikamvalisha miwani palepale, naye akaanza kuzitafuta zile mbili.