Futi ya Mama Pindo

Ilikuwa mwaka ule wa nzige. Hapana, nasema uongo: mwaka wa nzige nilikuwa bado nazurura kwingine. Huu ni ule uliofuata, nilipopanga chumba cha uani kwa fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo. Jina lilimkaa, maana kila sketi ya shule aliiachia pindo nene, ili mtoto akirefuka ishushwe.

Alikuwa mcheshi, ila jambo moja lilimnyima usingizi: kitindamimba wake hakui. Kila shule zilipofunguliwa alimsimamisha ukutani, akavuta futi ya kitambaa aliyorithi kwa shangazi yake, namba ikawa ileile ya mwaka jana.

"Simama vizuri wewe!"

"Nimesimama, mama. Nikinyooka zaidi nitapaa."

Alicheka, kisha akageukia cherehani asionekane uso. Goti la binti lilishaanza kuchungulia chini ya sketi, naye akalaumu kitambaa: eti kimejikunyata kwa kufuliwa. Hata mimi, aliponipima suruali ya pili, aliniambia, "Babu, mbona umepungua vidole viwili?" Nikasema ndio uzee huo, mtu anarudi alikotoka.

Siku moja binti akaingia mbio, kaazima rula ndefu ya mbao ya shule.

"Mama! Leo tumefundishwa 'grow', neno la Kiingereza la kukua. Mwalimu anasema ni ndugu wa neno lao la nyasi na la rangi ya kijani. Zamani lilikuwa la mimea zaidi, watu walikuwa na neno lao. Baadaye na sisi tukatiwa humo."

"Haya, na wewe ni nyasi gani isiyoota?"

"Nimeota! Katupima wote kwa hii. Nimeipita namba yako vidole vitatu!"

"Rula hiyo imeliwa na mchwa."

Hata hivyo akailaza futi mezani, rula ubavuni. Tukainama sote. Alama ya sentimita mia ya futi ilikuwa mbele kabisa ya ile ya rula. Kwa miaka yote ya kuvutwa mabegani na viunoni mwa watu, futi ilikuwa imelegea, ikirefuka polepole pamoja na mtoto kama waliopatana. Wala mteja hakulalamika, kwa kuwa mwili na kitambaa vilipimwa kwa futi hiyohiyo, nguo ikakaa.

Mama Pindo aliketi sakafuni akacheka mpaka machozi. Sikumuuliza yalikuwa ya nini. Kisha akampandisha binti kwenye kigoda, akashika wembe, akafumua pindo. Ukanda wa buluu mbichi ukateremka, haujawahi kuona jua, ukafunika goti.

"Geuka tukuone, nyasi wangu!"

Binti akazunguka, kigoda kikayumba, wakashikana wakicheka. Nami pale mlangoni, suruali yangu ya zamani ikiburuta, nikauliza: na vile vidole vyangu viwili je, vilichukuliwa na uzee au na futi?