Kizito Hiki

Fundi wa vifaa vya kuzamia hupima kwa kifua chake mwenyewe. Hutia mdomoni kile kidude cha kuvutia hewa majini, hufumba macho, huvuta, kisha hutikisa kichwa: "Kizito hiki." Siku hizi vyote kwake ni vizito, hata vipya vya kwenye boksi. Hushika bisibisi akalegeza springi inayozuia hewa, akavuta tena, akalegeza tena. Leo mzamiaji amemrudishia chake kipya, kinamwaga hewa ovyo bila kuvutwa. "Fundi, nilikileta ukikague tu. Hakikuwa na neno." Fundi akajibwaga kitini, anahema. Mkewe, aliyemletea chai, akamtazama weee, kisha akauliza kwa upole: "Na zile ngazi za nyumbani unazopumzikia katikati, baba watoto, nazo utazilegeza?"