Skrubu Mbili za Gurudumu la Nyuma

Gari langu lilikuwa zima siku niliyomwambia shemeji kwamba ni bovu. Alikuwa amepiga simu kutoka mlimani, kwao marehemu mke wangu, kuniuliza mbona sijapanda tangu mazishi. Nikamjibu kwamba breki zimekufa, na barabara ya kwao ina kona ambazo mtu hazipandi bila breki. Akasema, "Pole, shemeji. Ukitengeneza, uje." Akakata simu. Nikatoka nje nikaitazama pikapu yangu pembeni mwa ukuta, imetulia, haina ubaya wowote.

Siku ya mazishi tulikuwa tumeshuka na mvua. Vijito vilikatiza barabara kila mahali na magurudumu yalilowa mpaka ndani. Nilipofika nyumbani Kihonda nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikachomoa ufunguo. Kila dereva anajua kwamba gari lililolowa huliachi na breki ya mkono, maana itaganda. Unaweka jiwe chini ya gurudumu, basi. Na mimi nilijua, nimeendesha pikapu ile tangu nikiwa kazini kiwandani. Lakini kiangazi kikaja na kupita, vuli nayo ikanyesha, sikuigusa. Nilipokuja kuwasha na kujaribu kuisukuma mbele, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka. Kutu ilikuwa imeugeuza uongo wangu kuwa kweli.

Mimi ni Mnyamwezi. Mke wangu alikuwa Mluguru, na kwao mwanamke ni wa ukoo wake hata akifia kwa mumewe. Anarudishwa, anazikwa kwao, na siku ya kumaliza msiba mume anapeleka vitu vyake: nguo, vyombo, kila alichokuwa akikitumia. Ukoo unavigawa. Kisha mgane ananyolewa nywele, anaambiwa msiba umekwisha, yuko huru. Sisi hatukujaliwa mtoto. Mwenye mtoto, hata vitu vikiondoka, ana kamba inayomfunga na wakwe zake. Mimi niliona kwamba siku sanduku lake la nguo na cherehani vitakapopanda mlimani, sitakuwa na mtu huko, na nyumbani sitakuwa na kitu. Kwa hiyo nilikaa navyo. Sanduku lilibaki chini ya dirisha, cherehani ikabaki imefunikwa kitenge chake, na mimi nikawa napita katikati yake kama mgeni.

Halafu shemeji akapiga tena.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Jumamosi tunamaliza. Gari likipona, uje na vitu. Lisipopona, uje na miguu."

"Na nisipoweza?"

Nyuma yake nilisikia jogoo. "Wazee watamaliza bila wewe," akasema. "Lakini itakuwa kama hukumzika."

Kesho yake nikapiga jeki.

Ningeweza kumwita fundi, pale Msamvu wamejaa. Ningeweza kukodi gari la mtu. Sikufanya hivyo, na sababu yangu haikuwa nzuri: fundi angemaliza mchana mmoja.

Nilifungua gurudumu la nyuma. Breki za nyuma za gari lile zimefichwa ndani ya dramu, chuma cha mviringo kama sufuria lililofunikwa, na dramu lenyewe limeshikwa na skrubu mbili za nyota. Zote mbili zilikuwa zimevaa kutu mpaka nyota hazionekani. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazimwagia mafuta ya taa, nikakaa juu ya ndoo kusubiri. Mafuta ya taa yanataka muda. Mimi sikuyapa. Nilichukua bisibisi yangu ya siku zote, ambayo meno yake yamelika, nikaikandamiza na kuzungusha. Ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena, na kila ilipoteleza ililamba nyota kidogo, mpaka kichwa cha skrubu ya kwanza kikawa laini kama kifungo cha shati.

Nakiri kwamba nilipoona kimeharibika, moyo wangu ulipata nafuu. Nikajiambia: basi, haiwezekani.

"Mpagazi!"

Alikuwa jirani yangu, mama wa Kiluguru wa rika langu, anayeuza karoti na kabichi sokoni. Baina ya kabila lake na langu kuna utani wa tangu enzi za misafara, na yeye hajawahi kunisamehe hata siku moja.

"Mpagazi, leo umeamua kubeba gari lenyewe?"

"Pita zako, Mluguru. Na ukipita, nyanyua miguu kidogo kidogo, hapa ni tambarare, hakuna mlima."

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe sanduku moja la mwanamke limekushinda." Alisema akicheka, lakini aliposimama karibu na dramu hakucheka. Kwao ni kijiji kimoja na mke wangu. Habari za Jumamosi alikuwa nazo. Aliinama akaitazama skrubu. "Hii umeitafuna."

"Kutu."

"Kutu gani! Mbona ya pili ina nyota yake?" Akaokota bisibisi yangu, akapitisha kidole kwenye ncha. "Na hii ni kijiti cha kuchokonolea masikio. Ile nzuri iko wapi? Ile nyekundu?"

Alijua ilipo, nami nilijua. Mke wangu aliichukua kwenye boksi langu la spana zamani sana ili kukazia cherehani yake. Nikigomba alikuwa akisema, "Gari lako linatembea mara moja kwa wiki, cherehani yangu inatembea kila siku." Ikawa inakaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Mtoto huyo sikuwa nimemvuta tangu alipofariki.

"Kailete," jirani akasema. "Au niende mimi? Mimi mtani, siogopi nyumba ya mtu."

Niliingia ndani. Niliinua kitenge, nikavuta. Ilitoka harufu ya mafuta ya cherehani na chaki. Kulikuwa na bobini zenye nyuzi, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sabuni, utepe wa kupimia uliokunjwa vizuri. Bisibisi ilikuwa chini yake, imefungwa kitambaa ili isiote kutu. Sikukaa sana. Nilikuwa nimedhani nikifungua pale nitashindwa kusimama, kumbe nilisimama tu, mzee mwenye mikono michafu, nikarudisha kitenge kama kilivyokuwa.

Nilipotoka jirani alikuwa ameondoka, ameniachia bonge la mhogo wa kuchemsha juu ya ndoo.

Safari hii nilifanya kama inavyotakiwa. Nilimwaga mafuta ya taa nikayaacha mpaka kesho yake. Nilisimamisha bisibisi nyekundu kwenye nyota ya skrubu ya pili, nikaigonga kwa nyundo kitakoni mara kadhaa ili kuistua kutu. Halafu, badala ya kufungua, nilikaza. Kidogo tu. Watu hawaamini, lakini skrubu iliyoganda huanza kwa kukazwa: inasogea mahali haijazoea kusogea, kutu inakatika, ndipo unairudisha. Ilitoa mlio mfupi, ikakubali. Ile niliyoitafuna haikuwa na nyota ya kushika tena. Ilibidi niichonge ukingoni kwa tindo, kisha nikaisukuma kwa tindo hiyohiyo kuelekea upande wa kufungukia, pigo baada ya pigo, kwa upole, hadi jua likafika ukutani. Ilipozunguka sikushangilia. Hakukuwa na wa kumwonyesha. Nilimaliza mhogo.

Dramu nalo lilitaka kugongwa pande zote ndipo likaachia. Ndani, bitana la breki, kile kipande kinachobana dramu, lilikuwa limeng'oka na kubaki limeganda kwenye chuma cha dramu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya breki ya mkono niliyoivuta. Nikaweka breki mpya, nikafanya na upande wa pili, na Ijumaa nikaizungusha pikapu mitaa ya Kihonda nikifunga breki kila kona, watoto wakinicheka.

Jumamosi asubuhi vijana wa mtaani walinisaidia kupakia. Bisibisi nilikwisha kuirudisha kwenye mtoto wake, imefungwa kitambaa chake. Ilikuwa chombo cha marehemu. Jirani alipanda mbele bila kuulizwa, na kila kona aliita watakatifu wote kwa sauti ili nisikie.

Katekista aliongoza sala kaburini. Kisha vitu vikatandazwa uani juu ya mkeka, ukoo ukakaa kuvizunguka. Nguo zikaenda kwa dada zake, sufuria kwa wajomba. Cherehani ilipofikiwa, kabla mtu hajataja jina la atakayepewa, jirani yangu aliruka katikati ya mkeka, akavuta yule mtoto wa meza na kunyakua bisibisi.

"Hii siyo ya ukoo!" akapiga kelele. "Hii aliiba kwa Mnyamwezi! Mwenzenu alikuwa mwizi, nami namrudishia mpagazi mali yake!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Anachochukua mtani msibani hakuna wa kumnyang'anya. Shemeji alinitazama, naye alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Jirani akanitupia ile bisibisi mapajani, akarudi kuketi kama aliyefukuza kuku.

Walininyoa. Mzee wa ukoo akanishika kichwa akaniambia, "Umemzika. Nenda." Hakuna aliyesema nirudi, na hakuna aliyesema nisirudi. Jirani alibaki kwao mpaka Jumatatu, hivyo nilishuka peke yangu. Nyuma pikapu ilikuwa tupu, ikirukaruka kwenye mashimo ambayo asubuhi haikuyahisi. Breki zilishika vizuri.

Vijito vilikuwa na maji. Nilipofika nyumbani magurudumu yalikuwa yamelowa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye breki. Nikauondoa. Nilishuka, nikatafuta jiwe, nikaliweka chini ya gurudumu la nyuma, nikalikanyaga ili lishike. Kisha nikaingia ndani na bisibisi mfukoni. Sikujua niiweke wapi. Boksi la spana liko palepale, lakini niliiacha dirishani, juu ya mahali lilipokuwa sanduku.