Majina Mawili kwenye Kiwanja cha Mafiga

Siku niliyoripoti kazini Morogoro, Afisa Mipango Miji hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa mabuti ya mpira.

"Vaa hayo, binti," alisema. "Ramani utaiona kesho. Leo twende ukawaone watu tunaowachorea."

Nilikuwa nimetoka chuoni, mchora ramani mpya, sketi imepigwa pasi, nikidhani kazi yangu ni rula na kalamu ya wino. Tukateremka bondeni kando ya mto, yeye, Bwana Afya na mimi. Masika yalikuwa yamekwisha, lakini maji bado yalisimama milangoni mwa nyumba za udongo, na vyoo vilikuwa vimefurika hadi visimani. Bwana Afya, mtu mnene, mcheshi, aliyeitwa kwa jina na kila mtoto wa pale, alichota maji kwa kopo akanionyesha viluwiluwi vya mbu vikicheza ndani yake.

"Hawa ndio wenye nyumba," alisema. "Hao wengine ni wapangaji tu."

Mpango ulikuwa kuwahamishia watu hao Mafiga, palipoinuka. Ninyi vijana mnachora kwa kompyuta. Sisi tulichora kwa mkono juu ya karatasi nyembamba ya kufuatishia, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe. Ilitubidi tujue upepo wa mlimani unavuma kutoka wapi, ili madirisha yakabiliane, moshi wa jikoni upate kutoka. Choo kilikaa upande wa chini, mbali na bomba. Tuliacha uwanja wa watoto na mahali pa zahanati. Kisha wapimaji walikwenda kusimika bikoni, zile nguzo fupi za zege za kuonyesha pembe za kiwanja, na kila mkuu wa kaya akapewa barua ya toleo, ambayo watu wote waliiita ofa.

Ofa zilitolewa. Hakuna aliyehama.

Mwenyekiti wa kamati ya mji iliyopitisha mipango yetu alisema watu wa bondeni ni wakaidi. Afisa Mipango Miji alinigeukia mimi: "Nenda kawaulize. Wewe ni mwanamke, labda utaingia mpaka jikoni."

Niliingia jikoni kwa Bi Melania, mkulima wa kabichi na karoti. Mama yake ndiye aliyeteremka kutoka Kinole, kule mlimani, na kufyeka mahali pale. Nilimkuta amempakata mwanawe wa mwisho, mtoto anatetemeka kwa homa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umekuja kunifukuza?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kwa nini hamtaki Mafiga."

"Nani kasema hatutaki? Nimekwenda kukiona kiwanja. Upepo mzuri, udongo mkavu. Lakini ofa ina jina la nani?"

"La Ndugu Kondrad, mumeo."

"Haya. Kondrad akitangulia mbele ya haki, watakuja wapwa zake, watoto wa dada yake. Si kwa ubaya, ndivyo tulivyo Waluguru. Mali ya mwanamume inarudi kwenye ukoo wa mama yake. Hapa naishi kwenye ardhi ya mama yangu, hakuna wa kunigusa. Kule nitakuwa mgeni. Mimi na wanangu turudi wapi, na huku mmeshabomoa?"

Nilimtazama mtoto. Aliona macho yangu yalikokwenda.

"Unadhani siioni homa ya huyu?" alisema, akimvuta mtoto kifuani.

Mimi ni Mnyaturu. Kwetu nyumba ni ya baba, mtoto ni wa baba, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali pengine mambo yapo kinyume. Nilirudi ofisini nikamweleza mkubwa wangu neno kwa neno. Aliweka kalamu chini.

"Fomu ina nafasi ya jina moja."

"Ni ndefu, bwana. Majina mawili yanaenea."

Hakucheka. Alimwomba balozi wa nyumba kumi aitishe mkutano, tukaenda. Alipoeleza kwamba anataka kuandika mume na mke pamoja, kijana mmoja, mpwa wa Kondrad, alisimama kwa hasira. "Mjomba anajenga kwa jasho lake! Mnataka kumnyang'anya?"

Watu wakamgeukia Kondrad. Alikuwa kibarua wa stesheni, mpole sana, wala sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza mbele za watu. Alisimama taratibu.

"Jasho hilo nimelitoa nikiwa nalala kwa mama yake Melania," alisema. "Wewe mwanangu una shamba la mama yako Kinole. Hawa wangu wana nini hapa mjini zaidi ya mbu? Bwana Mipango, tuandike sote wawili."

Kwenye kamati haikuwa rahisi. Mwenyekiti alipiga meza: "Kesho kila mtu atataka jina la mkewe!"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Afisa Mipango Miji. "Na watahama."

Bwana Afya aliunga mkono, wajumbe wakanong'onezana, mwisho pendekezo likapita.

Walihama kweli. Nakumbuka milango na mabati vikipanda Mafiga vichwani mwa watu, na Bwana Afya akipita kila msingi kudai madirisha yakabiliane. Bonde tukaliacha liwe bustani za mboga, na wanawake waliendelea kulima palepale. Baada ya masika yaliyofuata, mganga wa zahanati alituambia foleni ya homa asubuhi imepungua hata yeye ameshangaa.

Baadaye nilihamishiwa Dodoma, kisha Iringa, chini ya wakubwa wa kila namna. Mmoja alinisikiliza, mwingine aliniambia niache mambo ya vyumbani nishike rula. Nilirudi Morogoro karibu na kustaafu, na sasa naishi Kilakala. Si kila tulichochora kimebaki. Uwanja wa watoto umemegwa, na jambo hilo linaniuma. Lakini nikipita mitaa ile naona madirisha yamefunguliwa, nafurahi.

Kondrad alifariki nikiwa Iringa. Bi Melania aliniambia wapwa walikuja wakakaa msibani mpaka mwisho, yule mwenye hasira ndiye aliyechimba kaburi, kisha wakamuaga vizuri wakarudi mlimani. Hakuna aliyeuliza habari ya nyumba.

Juzi nilimkuta Bi Melania anabishana na fundi anayemwongezea chumba. Nikaingilia, nikaanza kueleza upepo, jua la jioni, na dirisha likae ukuta upi.

"Fundi kasikia," alisema Bi Melania, akinivutia kigoda. "Umestaafu, mdogo wangu. Kaa unywe chai."

Nikakaa.