Boksi Chini ya Benchi

Kabla ya kugusa tumbo la mbwa, daktari wa mifugo husugua viganja kwenye mapaja vipate joto. Kisha hubonyeza taratibu, macho ukutani, na kwa sauti iliyochoka huwaambia wenye mbwa yaleyale: "Mngemtoa kizazi mapema, tusingefika hapa." Leo bibi mmoja kamleta mbwa wake jike, tumbo limemjaa, pamoja na boksi alilolitandika shuka kuukuu kwa ajili ya watoto.

"Si mimba, mama," daktari alisema. "Kizazi kimejaa usaha, na kina uvimbe. Lazima kitoke leo."

Bibi akalisukuma boksi kwa mguu chini ya benchi, kama anayeficha aibu. Daktari akayameza maneno yake ya kila siku. Alipomaliza kushona alipiga magoti, akalivuta boksi, akamlaza mbwa humo, ili akizinduka aikute harufu ya nyumbani.