Kitabu Nilichokikata Vipande Vinane

Mimi ni fundi cherehani, na kusema kweli ni fundi mzuri. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu huku kwetu kisiwani, upande wa Ghuba ya Chole, wanaosimulia habari za kile kitabu kana kwamba kilijikata chenyewe. Hakikujikata. Nilikikata mimi, kwa wembe mpya, juu ya meza yangu mwenyewe, na nikikumbuka najisikia vizuri mpaka leo.

Kitabu aliniletea binti yangu aliyeolewa Dar es Salaam. Kilikuwa kitabu cha kutuliza moyo, kinene, kwa Kiswahili chepesi. Kilizungumzia subira, shukrani na kusamehe, na ndani yake ilipita hadithi moja ndefu ya mtu aliyefukuzwa kwao na kaka yake, akazunguka nchi za watu miaka mingi akijifunza namna ya kurudi bila chuki. Binti yangu alijua tunavyovipenda vitabu vya namna hiyo. Jumamosi alasiri barazani kwangu hukaa wasomaji, wanawake peke yetu, wanane pamoja na mimi. Wamo wakulima wa mwani, yumo muuza vitumbua, yumo mwalimu wa shule ya msingi, na wakati ule alikuwemo mkunga wa zahanati, mtu wa bara, Mkristo, ambaye siku ya kwanza alikuja kushonesha sare akakaa mpaka magharibi. Tukipata kitabu cha dini yetu tunasoma, tukipata cha kwao tunasoma, na kisicho na dini lakini kina maneno ya kumjenga mtu tunakisoma vilevile. Mwanzoni watu walinong'ona. Walipochoka wakanyamaza.

Shida yetu ilikuwa kwamba kitabu ni kimoja na sisi tuko wanane. Alikianza muuza vitumbua, akakaa nacho mpaka masika ikaingia na ikatoka. Ukimuuliza anakujibu, "Nimefika katikati, shoga, usinikimbize." Kiliporudi kilikuwa kinanuka mafuta, na sisi wengine hatujaonja hata ukurasa. Mimi sina moyo wa kungoja. Mteja akinichelewesha kuja kupimwa namfuata kwake na utepe shingoni.

Wazo nililipata msibani. Tulikuwa tunasoma hitima ya marehemu, juzuu thelathini zimegawanywa, kila mtu kashika yake, sauti zinapanda na kushuka nyumba nzima, na haukupita muda mrefu Msahafu ukawa umesomwa wote, tukaomba dua. Nami nimekaa pale na juzuu yangu mkononi nikajiuliza, sisi barazani tunangojana kwa nini?

Niliporudi nyumbani nikatoa wembe. Nilikikata kitabu vipande vinane, nikabadilisha sindano ya cherehani nikaweka ile ya kushonea jinzi, nikapiga uzi mgongoni mwa kila kipande, kisha kila kimoja nikakivalisha jalada la kitenge kutoka kwenye mabaki ya wateja. Cha kwanza kilikuwa cha maua mekundu, cha pili cha bluu, kikaja cha mistari, mpaka cha nane ambacho kilikuwa cha njano. Jirani mmoja mwanamume alichungulia mlangoni akaniambia, "Fundi, leo unachinja kitabu?"

"Nakigawa, kaka," nikamjibu. "Ukitaka mnofu, uvae baibui uje Jumamosi."

Jumamosi ilipofika niligawa vipande kama tulivyogawa juzuu. Tukasoma, kila mtu chake, kila mtu kimya. Alasiri haijesha kitabu kilikuwa kimemalizika. Nikaomba dua fupi, nikatoa kahawa na kashata, na nusura nipige vigelegele. Ndipo mkunga akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, dada fundi. Huyu mtu analia nini? Kipande changu kinaanza tayari analia."

"Kwangu anavuka mto," mwalimu akasema, "lakini anakwenda wapi sijui."

Muuza vitumbua naye akataka kujua yule mjane ni mjane wa nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma habari za ng'ombe aliyepotea, nikamaliza bila kujua ng'ombe wa watu gani. Tukatazamana, kisha tukacheka mpaka wapita njia wakasimama. Nilikuwa nimegundua njia ya kumaliza kitabu bila mtu hata mmoja kukielewa.

Mmoja hakucheka. Jirani yangu, mkulima wa mwani, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa makuti tu, alikuwa bado ameinamia kipande chake cha maua mekundu, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Alikuwa ukurasa wa pili.

"Nyinyi mmemaliza," akasema bila kuinua uso. "Mimi bado."

Kuna jambo aliwahi kuniambia siku moja nilipokuwa nampima gauni, maana watu wakipimwa huongea. Utotoni alikuwa chuoni akisoma Kurani na wenzake, amefika karibu nusu ya Msahafu, baba yake akafariki. Mama yake akamtoa chuo amsaidie kulea wadogo. Shule nayo ikaishia darasa la nne. Wenzake walipohitimu mmoja mmoja, kwa kila mmoja wazazi walipika, waliita watu, wakamvalisha mwalimu nguo mpya, na yeye akaenda kwenye hitima hizo zote akala wali. Yake haikufanyika. "Shoga," aliniambia, mikono imenyooka hewani namzungushia utepe, "mimi sijawahi kumaliza kitabu maishani mwangu. Hata kimoja. Natamani nimalize kimoja tu, mama yangu akiwa bado anasikia."

Kwa hiyo Jumamosi ile alipokunja kile kipande akakitia kwenye mkoba wake, sikumwambia akirudishe.

Wengine tulianza kubadilishana. Hapo ndipo njia yangu ilipofanya kazi kuliko nilivyotarajia, na hili nalisema kwa majivuno. Kitabu kimoja kilikuwa nyumba nane kwa wakati mmoja. Watu walisimamishana njiani: "Wewe ndiye mwenye cha bluu? Fanya haraka, mwenzio nimekwama mtoni!" Wanawake ambao hata hawakai barazani kwangu walianza kuja kuomba. Anaazima mmoja, wanasoma dada watatu. Nilibadilisha majalada mawili yaliyochakaa, na mtu akichakaza kitabu kwa kukisoma mimi sina ugomvi naye.

Jirani yangu hakubadilishana ovyo. Alikwenda kwa mpango wake, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wakati wa bamvua, bahari ikikupwa mbali, alikuwa shambani kwenye mwani kutwa nzima, akifunga na kuvuna. Yakija maji mafu, bahari haikupwi sana na shamba halifikiki, yeye alikuwa kibarazani kwake na kipande chake, vidole vimepasuka kwa chumvi, anafuata mstari. Akikwama kwenye neno alipiga kelele juu ya ua, "Fundi! Kustahimili ni nini na kuvumilia ni nini?" Nami najibu huku mguu uko kwenye cherehani.

Ole wake aliyetaka kumwambia mwisho. Muuza vitumbua siku moja alianza, "Basi kaka yake alipofungua mlango..." na jirani yangu akaziba masikio akakimbilia ndani. Nilimwambia yule mama kwamba akirudia tena, gauni lake la Idi litakosa mkono mmoja.

Akamaliza cha saba. Akaja kwangu asubuhi, akamtupia shikamoo mama mkwe wangu ninayekaa naye, hata marahaba hakungoja, akaniambia, "Nipe cha njano."

Sikuwa nacho. Nikauliza huku, nikauliza kule, kila mtu alikuwa amekirudisha au amempa mwenzake, mpaka tukafika kwa mkunga. Na mkunga alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Bweni, kaskazini kabisa, mwisho wa kisiwa. Nilimwona jirani yangu anavyonyauka usoni. Nami nilikuwa na wasiwasi, sifichi, kwa sababu binti yangu alishatafuta nakala nyingine Dar akaambiwa haziji tena. Kama kile kipande kimetupwa wakati wa kufunga mizigo, basi mwisho wa kitabu hakuna, na ni mimi niliyekikata.

Nikampigia simu mkunga.

"Ninacho, dada," akasema. "Kimo ndani ya Biblia yangu. Humo ndimo naweka vitu nisivyotaka vipotee."

Nilishukuru kwa sauti mpaka wateja wakageuka. Nikasema basi, dereva yeyote atakileta. Jirani yangu akatikisa kichwa. "Na dereva akikisahau? Nakwenda mwenyewe."

Sikuweza kumwacha aende peke yake. Nilifunga duka, tukachukua bodaboda mbili, tukapita Kanga, tukaendelea na ile njia ya Bweni ambayo ina mashimo kuliko njia. Tulifika tumebadilika rangi kwa vumbi, mgongo umekufa ganzi. Akina mama walikuwa wamejipanga na watoto zahanati, na mkunga akatuona kupitia dirishani akatoka mbio, glavu mkononi.

"Mmekuja na mgonjwa gani?"

"Hatuna mgonjwa," nikamwambia. "Tumekuja kuchukua cha njano."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alinawa mikono, akaingia chumbani kwake, akatoka na Biblia, akaifungua taratibu. Kile kipande kilikuwa kimelala ndani, kimenyooka, safi kama siku nilipokishona. Jirani yangu alikipokea kwa mikono miwili. Mkunga akamwambia aanze pale pale, apumzike huku anasoma, chai inachemka.

"Hapana, dada yangu. Nitakisoma nyumbani, mama asikie."

"Basi Jumamosi nakuja. Sikubali kupitwa."

Akaja kweli, na vumbi lake. Walioalikwa na wasioalikwa walijaa barazani, mpaka wengine wakakaa kwenye mkeka nje. Mama yake jirani yangu, bibi mzee ambaye macho yamekwisha lakini masikio yapo, aliletwa na mkwewe wa kike. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, akaitikia marahaba zote bila kuruka hata moja, akakaa karibu na mwanawe.

Jirani yangu alisoma cha njano chote kwa sauti. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Mahali fulani alikwama kwenye neno refu, akalirudia mwanzo, akalirudia tena. Mwalimu wa shule akafungua mdomo amsaidie, nikamfinya paja. Jirani yangu akalivunja lile neno vipande, akaviunganisha, likatoka zima. Akaendelea. Yule mtu akafika kwao, akapiga hodi, mlango ukafunguliwa. Kaka yake alifanya nini, siwaambii. Anayetaka aje kusoma, cha njano kipo.

Alipofika kwenye nukta ya mwisho akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Ndiyo mwisho?" mama yake akauliza.

"Ndiyo mwisho, mama. Nimemaliza chote."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mkunga alikuwa analia zaidi yangu. Bibi hakulia. Alimgusa mkwewe, na mkwewe akatoka, akarudi na sinia kubwa limefunikwa kawa, ndani yake wali wa nazi na kuku mzima.

"Hiki ni chakula cha hitima ya mwanangu," bibi akasema.

Mtu mmoja kule nyuma, simtaji, akanong'ona kwamba hitima ni ya Msahafu. Nimesema masikio ya bibi yapo.

"Najua hitima ni ya nini, na Msahafu nao ataumaliza, inshallah," akasema. "Lakini wenzake waliandaliwa na yeye sikumwandalia. Nilikuwa sina, na mkono wake niliuhitaji. Leo nimeandaa. Mwalimu wake ni nani?"

Barazani watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema kwamba mwalimu wa kweli yuko pale, kasoma shule kubwa, mimi nilikata tu. Jirani yangu akanishika mkono akaupeleka kwenye magoti ya mama yake.

"Huyu hapa, mama."

Bibi akanipapasa mpaka bega, akatoa kwenye mfuko doti ya kanga, mpya, bado ina ukavu wa dukani, akanitanda. Vigelegele vilipigwa hadi yule jirani aliyesema nachinja kitabu akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Baadaye nilimwambia jirani yangu nitavishona vile vipande vinane viwe kitabu kimoja tena, awe nacho. Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Ukikishona, wengine watakisomaje?" Kwa hiyo bado kinazunguka, na sasa mtu akikwama mtoni haji kwangu, anaruka ua anakwenda kuuliza kwake, maana kati yetu sote ni yeye peke yake aliyekisoma kwa mpango, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Na ameanza tena Msahafu, kutoka pale alipoachia.

Kanga hununuliwa mbili zikiwa zimeungana, na kazi ya kuzitenganisha na kuzipinda ni ya fundi. Nazikata kila siku, za harusi, za uzazi, za msiba. Ile yangu iko kwenye sanduku, ndefu vilevile alivyonitanda bibi. Wateja wakiiona huniuliza inakuwaje fundi mzima nimeshindwa kukata kanga yangu mwenyewe. Nawaambia mkasi ninao, lakini hiyo haikatwi.