Nikitaka kumwona marehemu mama yangu, lazima nimwombe Prossy

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu anaipitia hii page na anapenda sana kusoma komenti.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, Mkenya wa Kakamega, naishi Kansanga hapa Kampala na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Shule niliachia darasa la nane, nikikosea mnisamehe. Mume wangu, tumwite Baba Trevor, ana duka la kuwekea watu filamu kwenye flashi, zile zilizotafsiriwa Kiluganda. Humo dukani kuna dada anaitwa Prossy, anahariri video za harusi. Wanatumia kompyuta moja.

Zamani vitu vyote vilichanganyika, filamu, harusi, picha za mtoto. Flashi ya mteja ikaleta virusi, tukapoteza vingi. Ndipo Baba Trevor akaigawa diski kama nyumba ya vyumba. C ya kompyuta yenyewe, D ya filamu, huko ndiko flashi za watu zinaingia, na E akampa Prossy, tena yenye paswadi, harusi za watu zisiguswe. Nilimsifu kweli. Nikaona nimeolewa na mtu wa akili.

Sasa D inajaa haraka. Filamu mpya zikija, za zamani anafuta. Na humo ndimo ilikuwa video ya mama yangu akimwogesha mtoto alipokuja kutusalimia, anamwimbia, maji yanamrukia usoni, anacheka. Mama alifariki kabla mtoto hajatembea. Simu niliyorekodia iliharibika. Sauti yake imebaki hapo tu.

Siku moja naitafuta, haipo. Nikapiga kelele. Baba Trevor akasema, "Tulia, Mama Trevor. Nimeipeleka E, huko haifutwi."

"E si ya Prossy?"

"Ndiyo, lakini ina nafasi kubwa imekaa bure."

Tangu hapo naenda na mtoto mgongoni, nasimama kama mteja. Prossy si mbaya jamani, na hilo ndilo linaniuma zaidi. "Kale nyabo, sawa mama, njoo nikufungulie," anasema, halafu anageuza bega nisione anachoandika. Kuna siku alimbeba mtoto akamwonyesha, "Muone jjajja wako!" Hayo maneno ya kumwonyesha mtoto bibi yake yalikuwa yangu. Nilitabasamu tu.

Nikamwomba mume wangu, "Nikatie hata kipande kidogo kwa hiyo E, kiwe na jina langu."

Akacheka. "Diski si keki. Nikipunguza vibaya harusi ya mtu ikapotea, utamwambia bibi harusi arudi kanisani?"

Prossy akasikia. "Bosi, mimi sina shida, mkatie tu. Kazi zangu nitazihamisha kwanza."

Aliyekataa ni mume wangu! Prossy amekubali, yeye anakataa.

Juzi Prossy hakuja. Nikaomba nione video. Mume wangu akavuta kibodi, akaandika paswadi mbio mbio, macho yakiwa kwa mteja. E ikafunguka.

"Kumbe unaijua?"

"Kompyuta yangu, nisijue?"

"Na mimi?"

"Wewe ya nini?"

Mama akaanza kuimba pale kwenye skrini na sikusikia hata neno. Nilikuwa naangalia vidole vya mume wangu, vile vilivyozoea.

Sijakuta meseji, sijawafumania popote. Ananiheshimu, mtoto anampenda, na mimi bado naamini tutakuwa sawa. Jirani ananiambia ninunue flashi pale soko la Owino, nihamishe video yangu, yaishe. Lakini nikiitoa sitakuwa tena na sababu ya kufika pale, nitakuwa nimewaachia chumba na ufunguo wake.

Nyinyi mliokaa kwenye ndoa kunishinda, niichukue video yangu ninyamaze, au nisimame dukani niidai hiyo paswadi mbele yao wote wawili? Nishaurini, nifanye nini? Mnikemee mkitaka, ila msinicheke.